Tofali Lililokosea Dini

Siku niliyopigwa tofali nilikuwa nimevaa kofia isiyo yangu, nimekaa kwenye kigari kisicho changu, nyuma ya farasi asiyenipenda. Mambo hayo matatu yaliandikwa yote kwenye jalada la mahakama ya kaunti, na la farasi limo.

Mimi ni Harlan Stubbs. Niliendesha lori la maziwa miaka ishirini na moja mpaka kiwanda cha jibini kilipofungwa, nikastaafu kabla ya wakati wangu, na baada ya hapo nikawa dereva wa Waamishi. Waamishi ni Wakristo wenye asili ya Ujerumani wanaoishi kama mababu zao; hawamiliki magari, dini yao haitaki, ila kupanda la mtu mwingine si kosa. Kwa hiyo wastaafu wa huku tunanunua magari ya viti kumi na tano, tunawapeleka hospitali, mnadani na kwenye mazishi ya jimbo la jirani, nao wanatulipa kwa maili. Ni kazi tamu kwa mtu mwenye maneno. Abiria wangu hawana redio wala simu mfukoni. Nikianza habari ya yule kambare aliyenivuta na mashua yangu hadi kaunti ya pili, nikatozwa ushuru wa daraja nikipita chini yake, hawana pa kukimbilia.

Abiria wangu wa siku zote ni Ferman Schlabach, fundi wa matandiko ya farasi. Ferman akisema maneno kumi kwa siku, tisa ameyasema kwa farasi. Miaka kumi na minane tumekwenda vizuri hivyo: mimi nasema, yeye anatazama mahindi.

Sasa, mwezi wa kumi mwaka juzi, gari langu lilikufa alternata, kile kifaa cha kuchaji betri. Ferman akapita na kigari chake, akaniona nimeinama kwenye injini.

"Panda," akasema.

Hivyo siku hiyo dereva aliendeshwa. Tulikuwa tunakwenda mjini, maili tano, kufuata alternata mpya. Kabla hatujafika njia panda ya kinu mvua ikaanza, ile ya kuingia kwenye shingo, na kigari kina kioo cha mbele tu, hakina paa. Kofia sikuwa nayo. Ferman akaingiza mkono chini ya kiti akatoa sanduku, ndani mna kofia nyeusi ya ukingo mpana, ya kanisani, ya mwanawe Leroy. Ilikuwa inatoka kwa fundi wa kofia.

"Usiikunje," akasema.

Nikaivaa. Ndevu nilikuwa nazo tayari, nyeupe, za kufika kifuani. Nilizifuga kwa sababu mke wangu Nadine aliniambia nisizifuge. Kwa hiyo mtu akitutazama kutoka barabarani alikuwa anaona wazee wawili wa Kiamishi wananyeshewa, mmoja kanyamaza na mwingine anaongea.

Pikapu nyekundu ikatokea mbele yetu. Ikapunguza mwendo. Kioo cha dereva kikashuka, kijana akatoa kichwa na mkono, akapiga kelele: "Zoeni mavi ya farasi wenu, watu wa ndevu! Rudini kwenu Ujerumani!" Halafu nusu tofali likapita kwenye kioo cha kigari, likakwangua ukingo wa kofia, likatua kwenye jicho langu la kushoto.

Farasi, jina lake Duke, alituingiza kwenye shamba la maharage na gurudumu moja likabaki barabarani.

Kilichofuata ni kitu ambacho wasingekifanya watu wengine wowote duniani. Majirani wa Ferman walifika kabla ya gari la wagonjwa. Wakafagia vioo vyote. Wakarudisha gurudumu. Wakakivuta kigari hadi karakana, na saa kumi jioni kilikuwa na kioo kipya na rangi mbichi. Verna, mke wa Ferman, akaichukua kofia iliyojaa damu, akailoweka, akaisugua, akaikausha kwenye kibao cha duara ikawa kama imetoka dukani. Askari wa kaunti alipofika na kamera yake, mimi nikiwa tayari hospitali, mazungumzo yalikuwa hivi. Ferman alinisimulia, na Ferman haongezi chumvi hata kwenye mayai.

"Kigari kilichovunjwa kiko wapi?"

"Hiki hapa."

"Hiki kizima. Nataka kilichovunjwa."

"Ndicho hiki."

Askari akakizunguka mara mbili. "Na kofia yenye damu?"

"Nimeshaifua," Verna akasema. Akamkaribisha kahawa.

"Na hilo tofali, mama? Au nalo mmelipika?"

Ferman akanyoosha kidole. Tofali lilikuwa chini, limezuia mlango wa karakana usijifunge. Askari akaliokota akalitia kwenye mfuko, kofia akaibeba kwapani, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Kijana alipatikana kesho yake. Tanner Roush, miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto. Hakukana kurusha. Alisema ulikuwa utani, alilenga barabara ili kumshtua farasi, na hakusema neno lolote. Mwendesha mashtaka akamwendea Ferman ili afungue kesi kubwa, ya uhalifu wa chuki.

"Nimeshamsamehe," Ferman akasema.

"Umemsamehe lini wakati jina lake tumelijua leo asubuhi?"

"Kabla Duke hajasimama."

Kwa hiyo Tanner alishtakiwa kwa uzembe. Akakiri, akapigwa faini na kupewa kifungo cha nje, na mambo ya serikali yakaishia hapo. Chuki haikutajwa popote.

Yangu hayakuishia hapo. Jicho lilifanya mtoto wa jicho na ndani kulichanika. Daktari alisema upasuaji ungelirudisha karibu lote, ila bima yangu ilikuwa ile ya bei rahisi, inayokutumia kadi ya pole. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, na serikali inaanza kukutibu ukifika sitini na mitano. Upasuaji ungekula dola elfu kumi na nane. Na bila jicho hilo kampuni ya bima ya gari ilinikataza kubeba abiria. Gari likakaa chini ya mti wa mbele ya nyumba, alternata mpya imo, ndege wakawa wanalichafua.

Ferman akawa anaendeshwa na mtu mwingine anayesikiliza mahubiri ya redioni. Alivumilia.

Mwezi wa kwanza akaja kwangu na kopo la kahawa. Akaliweka mezani mbele ya Nadine.

"Nini hii?" nikauliza.

"Kanisa."

Nikafungua. Kopo limejaa noti zilizofungwa kwa uzi wa kushonea matandiko. Waamishi hawakati bima. Mmoja akiumwa, kanisa linachangishana. Walikuwa wameenda nyumba kwa nyumba kwa ajili yangu, mtu ambaye kanisani kwake kwenyewe anaonekana kwenye chakula cha pasaka tu.

"Sichukui," nikasema.

"Chukua," Nadine akasema. "Jicho ni lako, mdomo pia ni wako, sasa mdomo ukae kimya."

"Ferman, tusikilizane bwana. Mmerushiwa tofali nyinyi. Mmetukanwa nyinyi. Halafu na bili mlipe nyinyi?"

"Lilikupiga wewe."

"Lilikuwa linakuja kwako."

"Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo bili ni yangu."

Nilikosa jibu, jambo ambalo Nadine aliliandika kwenye kalenda. Lakini kopo nililirudisha. Kuna mtu alikuwa amerusha lile tofali, anakunywa bia yake Ijumaa na ana macho mawili, na mimi niliona huyo ndiye wa kulipa.

Wakili wangu alikuwa Denise Pruitt, ofisi yake iko juu ya duka la misumari. Mwanamke mfupi, anakula karoti akikusikiliza. Akaniambia kwamba jimbo letu lina sheria: mtu akiumizwa kwa sababu ya dini yake, rangi yake au asili yake, anaweza kumdai mwenyewe aliyemuumiza, mahakama ya madai, hata kama upande wa serikali hakuna aliyefungwa kwa chuki. Fidia ya matibabu, ya kazi aliyoikosa, na aliyeshindwa anamlipa na wakili.

"Basi tumemaliza," nikasema.

"Bado. Wewe si Mwamishi."

"Nilikuwa Mwamishi kwa maili tatu."

"Wataanzia hapo hapo. Watasema: hakupigwa kwa ajili ya dini yake, maana hiyo dini hana. Mimi nitasema kinachoangaliwa ni alivyokuona yule aliyerusha. Lakini lazima nioneshe alipiga kelele gani."

"Nilisikia mwenyewe. Nitasema."

Akatafuna karoti. "Mzee Harlan, nimekuulizia mjini. Kila mtu anakupenda. Hakuna hata mmoja anayekuamini. Karani wa mahakama aliniuliza kama kambare naye atakuja kutoa ushahidi."

"Kwa hiyo?"

"Namtaka Ferman."

Hapo nikagoma. Waamishi hawaendi mahakamani kudai. Yupo jirani wa Ferman aliyemshtaki mtu kwa ajili ya uzio, kanisa likamtenga, akala meza ya peke yake majira mawili ya baridi, mkewe akimwekea sahani mezani bila kumpa mkononi. Na akitaka kurudi, apige magoti mbele ya wote. Ferman ana miaka sitini na sita na magoti yake ni mabovu kuliko yangu. Nikamwambia Denise asimtumie karatasi yoyote. Akaniambia basi nijiandae kushindwa. Nikasema sawa. Nikaenda nyumbani nikakaa ndani ya gari chini ya mti, nikashika usukani.

Wiki tatu nikakaa hivyo. Siku moja mlango wa abiria ukafunguliwa, Ferman akaingia, akakaa mahali pake pa siku zote. Akaegemea kiti mpaka nikadhani amekuja kupumzika.

"Samansi yangu iko wapi?" akasema.

"Samansi gani?"

"Ya mahakama. Nangoja tu. Verna ameshanyoosha shati."

"Ferman, utaliwa na kanisa."

Ndipo akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake. "Kudai sidai. Kwenda kumwomba jaji anichukulie mali ya mtu, hapana. Ila serikali ikiniita, naitika. Nimemuuliza Askofu Orie. Amesema: ukiitwa nenda, useme kweli, na usiseme zaidi ya ulichoulizwa."

"Hilo kwako si tabu."

"Hapana," akasema. "Mwambie yule mama aniite."

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tano, mbele ya Jaji Marchetti, mama mmoja mwenye sauti ndogo, ambaye kila mtu alikaa mbele kidogo ili amsikie. Waamishi kumi na wawili walikuja, wakajaza benchi la nyuma. Waliletwa na yule dereva wa mahubiri.

Mimi nilitangulia kizimbani. Denise alikuwa amenionya: maneno machache, usimtaje kambare. Nikasema kweli tupu, na kwa kuwa sijaizoea nilikuwa nasitasita kila mahali, nikasikika mwongo kuliko nilivyowahi kusikika maishani.

Akaitwa Ferman. Hakuapa, maana Waamishi hawaapi. Alithibitisha tu kwamba atasema kweli. Kofia ikaletwa, imepigwa lebo ya kielelezo namba mbili, safi, inang'aa.

"Kijana alisema nini?" Denise akamuuliza.

Ferman akayarudia maneno yale, la mavi na la Ujerumani, polepole, macho sakafuni, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Alikuwa anamtazama nani?"

"Kofia."

Akasimama wakili wa Tanner, Bwana Gaines, mtu mrefu aliyevaa tai ya njano. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

"Bwana Schlabach, wewe husemi uongo?"

"Najitahidi."

"Bwana Stubbs je? Ni mwongo?"

Denise akainuka, jaji akamwambia akae, swali linaruhusiwa. Ferman akanitazama. Nikatazama kofia.

"Ndiyo," akasema. "Sana."

Ukumbi wote ukacheka, na benchi la nyuma likacheka kuliko wote. Nadine alikuwa anajifuta machozi.

"Kwa hiyo anaweza kabisa kukuza jeraha lake ili apate fidia?"

"Siku ile hakusema uongo."

"Umejuaje?"

"Hakusema kitu." Ferman akangoja kidogo, akitafuta kama bado yuko ndani ya swali. "Kutoka shamba la maharage mpaka gari la wagonjwa lilipofika, dakika ishirini. Hakusema kitu. Miaka kumi na minane sijawahi kumsikia amenyamaza. Nilidhani amekufa. Nikamshika shingo nione kama mshipa unapiga."

Hakuna aliyecheka hapo. Bwana Gaines akageuza ukurasa wa daftari lake.

"Je, Bwana Stubbs ni Mwamishi?"

"Hapana. Asingeweza. Kuna kukaa kimya kwa saa tatu kila ibada."

Bwana Gaines akasema hana swali zaidi. Bado alikuwa na silaha yake. Alitaka kumwonesha jaji kwamba Tanner hana chuki yoyote nami, na bila chuki hakuna kesi. Akamwita Tanner kizimbani.

Kijana alikuwa amevaa koti lililobana mabega, na alikuwa anaogopa. Nilimjua toka akiwa mdogo. Kila majira ya joto kwenye maonesho ya kilimo nilikuwa nakaa kwenye jukwaa la maziwa nikiwadanganya watoto, na yeye alikuwa anakaa mbele.

"Tanner," Bwana Gaines akamwambia kwa upole, "una ugomvi wowote na Bwana Stubbs?"

"Hapana, bwana."

"Unamchukia?"

"Mzee Harlan? Nimchukie kwa nini?" Akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa kweli kabisa. "Mimi nampenda. Sote tunampenda. Sikujua ni yeye. Lile likofia lilinidanganya. Naapa, ningejua ni Mzee Harlan nisingerusha."

Bwana Gaines akafumba macho.

Jaji Marchetti aliacha kuandika. "Rudia hayo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika mpaka nyuma. Tanner akarudia. Alikuwa bado hajaelewa, akafikiri hawakumsikia, akayasema kwa nguvu zaidi.

Denise alikuwa na kurasa tatu za maswali ya kumuuliza. Alizikunja akazitia mkobani. "Sina swali," akasema.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata na ulikuwa mfupi. Jaji alisema sheria haimuulizi aliyepigwa anasali wapi. Inamuuliza aliyepiga alikuwa anampiga nani, na mdaiwa amejibu swali hilo mwenyewe, kwa kiapo, mara mbili. Nikapewa matibabu, miezi ya kazi niliyokosa, kitu kidogo juu yake kwa ajili ya jicho, na gharama za Denise. Tanner aliuza pikapu, na kinachobaki kinakatwa kwenye mshahara wake wa kokoto kidogo kidogo. Atamaliza akikaribia miaka thelathini.

Nilitegemea kufurahi zaidi. Pale kwenye korido Tanner alipita karibu yetu, na mimi sikuwa na la kumwambia, maana kila mara nikimtazama nasikia lile neno, nisingerusha. Ferman ndiye aliyemnyooshea mkono. Kijana akaushika, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Nawe nilikuwa sikujui," Tanner akasema.

"Ferman," akasema Ferman. "Karakana ya matandiko, baada ya kinu."

Basi. Hakumwambia aje. Hakumwambia asije.

Halafu tukasimama kwenye dirisha la karani dakika arobaini kwa sababu Ferman hakutaka kuondoka bila kofia. Karani alisema vielelezo vinakaa mpaka muda wa rufaa upite. Ferman akasema mwanawe anakwenda kanisani miezi saba na kofia ya mdogo wake, na inamkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa. Karani akapiga simu mbili. Tuliipata mwezi wa sita. Leroy aliivaa Jumapili na lebo ya mahakama ikiwa bado ndani, maana Verna aliogopa kuikata asije akaitwa na yeye.

Nilipasuliwa mwezi wa saba. Jicho lilirudi, si lote; taa za mbali zina manyoya kidogo. Kampuni ya bima ikanipima, ikanung'unika, ikanipa kibali. Mwezi wa nane nikaliosha gari, nikawafukuza ndege, nikaenda kumchukua Ferman. Ilikuwa safari yetu ya kwanza, mnada wa farasi, maili arobaini.

Nilikuwa mwangalifu mno. Mikono miwili juu ya usukani, macho barabarani, napima umbali wa kila kitu upande wa kushoto: sanduku la barua, ng'ombe, daraja. Tukapita njia panda ya kinu. Tukapita shamba la maharage. Mbele yetu likatokea gari, likakaribia, likapita. Nikashusha pumzi.

Maili kumi na moja hivi, Ferman akageuza uso kutoka kwenye mahindi. Akanitazama. Akaangalia mbele, akanitazama tena. Kisha akanyoosha vidole viwili akavigusisha shingoni mwangu, pale penye mshipa.

"Nini wewe?" nikasema. "Naendesha!"

"Umenyamaza."

"Naangalia barabara, bwana."

"Iangalie ukiongea," Ferman akasema. "Unanitisha."

Basi nikamweleza habari ya tofali, zima, la zege, la ukubwa wa friji, lilivyotoka angani siku ya mvua kubwa. Akaegemea kiti, akarudi kwenye mahindi yake.

"Nusu," akasema baada ya muda.

Nikaendelea.